UZI: Sauti iliyorekodiwa kama ushahidi, inavyochunguzwa na inapoharibikia

Sikio la Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, siku hizi kesi ya rushwa, vitisho au utapeli haikosi klipu ya sauti. Mtu anaingia mahakamani na simu mkononi akiamini kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Rekodi huulizwa maswali matatu, na kila swali lina fundi wake. Je, hii ndiyo ile iliyorekodiwa, haijakatwa wala kuungwa? Anayeongea ni nani? Anasema nini hasa? Mtaalamu anayekujibu yote matatu kwa aya moja, mtilie shaka.

Swali la kwanza ndilo linaloharibika mapema zaidi, na mharibifu huwa ni mwenye ushahidi mwenyewe. Utaratibu wenyewe si mgumu:

Simu yenye rekodi iwekwe hali ya ndege mara moja. Usifute kitu, usisasishe programu. Kama imefunguliwa na nywila haijulikani, usiizime. Iende kwenye mfuko wa Faraday (unaozuia mawimbi ya mtandao) pamoja na pawabenki, maana simu ambayo hukuweza kuiweka hali ya ndege huhangaika kutafuta mtandao ndani ya mfuko na humaliza chaji upesi. Andika saa ya simu inavyosoma na saa halisi, pembeni kwa pembeni. Tofauti ya dakika 7 isiyoandikwa, ikiibuliwa kwenye maswali ya dodoso, inanuka uongo hata kama ni saa tu iliyopotea.

Kisha faili itolewe kwa kebo na ipigwe heshi ya SHA-256 (alama ya kihesabu inayobadilika faili ikiguswa hata kidogo) papo hapo. Zile herufi na tarakimu 64 ziandikwe kwenye fomu ya makabidhiano. Nakala kuu ifungwe kwa lakiri; kusikiliza, kusafisha na kupima kufanyike kwenye nakala ya kazi pekee. Kila aliyeshika kielelezo aandike jina, tarehe, saa na sababu.

Sasa yanayoua. La kwanza ni kuicheza rekodi kwa spika na kuirekodi kwa simu nyingine. Hapo umeongeza mwangwi wa chumba na kodeki (njia ya kubana sauti) ya pili. Tena simu ya pili ina kirekebisha sauti kinachopandisha kelele ya nyuma watu wakinyamaza na kuishusha wakiongea, na hicho kinafunika alama ambazo zingeonyesha palipokatwa. La pili ni kubadili faili kuwa MP3 "ili ifunguke". La tatu ni kukata "sehemu muhimu tu": dakika 2 kati ya 40. Upande wa pili utauliza dakika 38 zilisema nini, na utakuwa sahihi kuuliza.

---

Mjukuu wa Chake

Uzi mzito huu. Mkuu, voisi ya WhatsApp iliyofowadiwa mara tatu imeshakufa kama ushahidi?

---

Fundi Spektra

Haijafa, ila imepungua uzito. Kwenye Android voisi huhifadhiwa kwa jina la namna hii: PTT-20240203-WA0007.opus. Hiyo tarehe na namba ya mfululizo ni za simu ilimokaa faili, si lazima ziwe za siku maneno yalipotamkwa. Wengi hujikwaa hapo. Ikifowadiwa ndani ya WhatsApp yenyewe, kwa kawaida sauti haisimbwi upya. Jina linabadilika lakini yaliyomo yanabaki, na heshi inaweza kulingana na ya faili ya mwanzo. Kwa hiyo kinachotafutwa ni simu ya aliyetuma mara ya kwanza na ya aliyepokea, pamoja na hifadhidata ya msgstore.db inayotunza kumbukumbu za ujumbe na heshi za faili. Simu mbili zikikubaliana bila kuonana, hapo una kitu mkononi.

Bila simu ya kwanza, angalia faili yenyewe. Voisi ya WhatsApp kwa kawaida ni Opus (kodeki yake) ya chaneli moja iliyochukuliwa kwa sampuli 16,000 kwa sekunde, kwa hiyo ndani yake hakuna sauti inayopita 8,000 Hz (mitetemo kwa sekunde). Ukiifungua, kisimbuzi cha Opus huitoa kwa 48,000, na spektrogramu (picha ya masafa ya sauti) inaonyesha giza tupu kuanzia 8,000 kwenda juu. Mtu akikuletea "voisi ya WhatsApp" yenye sauti hai hadi 15,000 Hz, mtilie shaka. Vivyo hivyo rekodi inayodaiwa kufanywa chumbani kwa kinasa kizuri, halafu inakatika pale 3,400 hadi 4,000 Hz, huenda imepita kwenye laini ya simu mahali fulani.

Fungua pia kwa kihariri cha heksa (programu inayoonyesha baiti za faili) utazame vichwa vya faili. Ukiona neno "Lavf", faili imepita kwenye chombo kinachotumia maktaba za ffmpeg, programu ya kubadili sauti na video. Hiyo haithibitishi ulaghai, huenda mtu aliibadili tu ili isikike kwenye kompyuta. Ila si faili ya kwanza, na anayeapa kwamba ni ya kwanza ana maelezo ya kutoa. Hatua ya uhakika zaidi ni kurekodi sampuli kwa simu ya modeli ileile na toleo lilelile la programu, kisha kulinganisha vichwa hivyo baiti kwa baiti.

Kukatwa kwa sauti kunatafutwa kwenye milisekunde: wimbi linaloruka ghafla, mlio wa feni unaobadilika katikati ya sentensi, mwangwi wa neno la mwisho unaokatika kabla haujafifia. Na mtaalamu makini haandiki "haijahaririwa". Anaandika kwamba hakuona dalili za kuhaririwa, kwa njia alizotumia.

Enzi za tepu mambo yalionekana kwa macho. Mkanda wa Ikulu ya Marekani wa tarehe 20 Juni 1972, ule wenye pengo la dakika 18 na nusu, ulichunguzwa na jopo la wataalamu 6. Mwaka 1974 walieleza kwamba mlio ule wa pengoni ulitokana na kufuta na kurekodi upya, angalau mara 5 na pengine hadi 9, kwa mashine aina ya Uher 5000. Walilijua hilo kwa alama ambazo vichwa vya mashine huacha kwenye tepu kila kinapobonyezwa kitufe. Yaani pengo lisingeweza kuwa la bahati mbaya ya mara moja.

---

Wakili wa Nyanda

Niongeze la sheria, maana faili safi nayo inaweza kukataliwa.

Tanzania: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Ila ukishapokelewa, uzito wake unapimwa kwa kuangalia uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kutumwa, namna ukamilifu wake ulivyolindwa, na namna mtoaji alivyotambuliwa. Someni pamoja na kifungu cha 64A kilichoongezwa kwenye Sheria ya Ushahidi (mkitumia toleo jipya la sheria hakikisheni namba za vifungu). Shahidi anayetoa rekodi lazima aeleze hayo kwa kinywa chake au kwa kiapo: kifaa gani, nani alikuwa nacho, ilitolewaje. "Nilirekodi kwa simu yangu" haijitoshelezi.

Tena kielelezo kipokelewe kwanza, ndipo kichezwe. Wakili anayebonyeza kitufe kabla mahakama haijatoa uamuzi wa kupokea anampa mwenzake hoja ya rufaa bure.

Kenya: Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 106B, inataka cheti. Cheti kitambulishe rekodi, kieleze ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, kisainiwe na mtu mwenye wajibu juu ya kifaa hicho. Na kuna Ibara ya 50(4) ya Katiba ya 2010: ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki unaondolewa ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaumiza utoaji haki. Kudukua mazungumzo ya watu wengine ni kosa pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo kabla ya kujivunia klipu, jiulize uliipataje.

---

Mama Nassor

Naomba kueleweshwa jamani. Kuna programu zinasema sauti hizi mbili ni za mtu mmoja kwa asilimia 97. Si hapo mambo yameisha?

---

Sikio la Tatu

Hapana dada, hapo ndipo penye shimo.

Mwaka 1962 Lawrence Kersta wa Bell Labs alitangaza kwamba picha ya sauti inamtambulisha mtu kama alama ya kidole. Mahakama kadhaa za Marekani zilimpokea. Mwaka 1979 Baraza la Taifa la Utafiti la huko likatoa ripoti kwamba msingi wa kisayansi hautoshi, na FBI haikuwa ikipeleka ulinganisho huo mahakamani. Mwaka 2007 chama cha kimataifa cha wanafonetiki wa kijinai, IAFPA, kikapitisha azimio kwamba njia hiyo haina msingi wa kisayansi. Alama ya kidole haibadiliki ukiwa na mafua. Sauti ya mtu mmoja hubadilika asubuhi na jioni.

Kinachofanyika sasa ni hivi. Mtaalamu anapima kufanana, halafu anapima kufanana huko ni kwa kawaida kiasi gani miongoni mwa watu wengine wa jamii hiyo. Jibu linatoka kama uwiano: matokeo haya yana uwezekano mara 100 zaidi kama msemaji ni mmoja kuliko kama ni wawili tofauti. Hiyo siyo "asilimia 99 ni yeye". Mji ukiwa na wanaume 50,000 wanaoweza kuwa wapigaji wa simu ile, uwiano wa 100 peke yake unakuachia watu wengi sana. Uamuzi ni wa hakimu, kwa kuunganisha na ushahidi mwingine.

Sampuli nazo zilingane: simu kwa simu, maongezi kwa maongezi. Usimsomeshe mtuhumiwa karatasi ofisini ukalinganisha na mtu aliyekuwa akifoka barabarani. Unataka walau nusu dakika ya usemi halisi ukishaondoa ukimya na sauti za wengine. Chini ya sekunde 10 wengi wanarudisha kazi. Mayowe ndiyo kabisa. Kwenye kesi ya George Zimmerman kule Florida mwaka 2013, jaji alikataa wataalamu waliotaka kueleza ni nani anayepiga mayowe kwenye simu ya dharura, kwa sababu njia zao hazikuwa zimekubalika kisayansi.

Kuna pia athari ya simu yenyewe. Laini ya kawaida inapitisha takribani 300 hadi 3,400 Hz. Fomanti (masafa yenye nguvu yanayoipa irabu sura yake) ya kwanza ya irabu kama "i" na "u" iko karibu na ukingo huo wa chini, hivyo inapimwa juu kuliko ilivyo. Utafiti wa Byrne na Foulkes wa 2004 ulikuta kwenye simu za mkononi fomanti ya kwanza ikipanda kwa wastani wa asilimia 29. Irabu "a" huathirika kidogo kwa kuwa iko juu zaidi. Asiyelijua hilo atatangaza watu wawili mahali palipo na mmoja.

---

Fundi Spektra

Nakubaliana na mengi, ila usiitupe mifumo ya kompyuta. Ya kisasa inayogeuza sauti kuwa vekta (orodha ya namba) haitegemei sana lugha, inafanya kazi vizuri hata kwa Kiswahili.

---

Sikio la Tatu

Kupanga nani anafanana na nani, sawa. Kutoa namba ya kupeleka kwa jaji, bado. Namba inahitaji kusawazishwa kwa sauti za hali ileile: Kiswahili cha maongezi, laini ya simu, kelele za stendi. Mkusanyiko wa Common Voice wa Mozilla una Kiswahili, lakini kwa sehemu kubwa ni watu wanaosoma sentensi kwenye skrini. Ukisawazisha kwa hao halafu ukapima mtu anayegombana, uwiano wa 1,000 unaweza kuwa hewa.

Na namba tamu zimewahi kuaibisha watu. Kamati ya Bunge la Marekani kuhusu kuuawa kwa Kennedy ilitoa mwaka 1979 ripoti iliyoegemea uchambuzi wa rekodi ya redio ya polisi wa Dallas uliosema kwa asilimia 95 kwamba kulikuwa na mpiga risasi wa pili. Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi likaonyesha kwamba milio ile ilirekodiwa yapata dakika nzima baada ya mauaji. Lililowafichulia ni maneno ya polisi kutoka chaneli nyingine yaliyokuwa yamevuja ndani ya rekodi hiyohiyo. Hata hesabu ingekuwa sawa, sauti iliyopimwa ndiyo haikuwa yenyewe.

---

Fundi Spektra

Hapo nimekuelewa.

---

Kalamu ya Kisauni

Mnasahau swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kila mtu anadhani ana masikio.

Sikio husikia kile lilichoambiwa. Kesi ya David Bain, New Zealand, aliyeshtakiwa kuua watu wa familia yake: simu yake ya dharura ya 1994 ilisikilizwa miaka na miaka bila mtu kugundua chochote. Mwaka 2007 askari mmoja akadai anasikia ndani ya pumzi za mpigaji maneno ya kukiri kupiga risasi. Ukishaambiwa, kweli unayasikia. Wataalamu hawakukubaliana hata kama ni maneno au ni pumzi tu. Mahakama ya Juu ikaamuru sehemu hiyo isisikilizwe na baraza la wazee wa mahakama (raia wanaoamua hatia), na mwaka 2009 Bain akaachiwa huru.

Kwa Kiswahili hatari ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri, maana kitenzi kizima kinaning'inia kwenye silabi moja. "Hatampa" na "atampa" vinatofautiana kwa pumzi ya "h", sauti dhaifu ambayo laini ya simu inaila, na wasemaji wengi wenyewe hawaitamki. Ahadi na kukataa vimekuwa kitu kimoja. "Atamuua" na "atamuoa" vinatenganishwa na irabu moja ya nyuma. "S" na "sh" nguvu yao kubwa iko juu, karibu na pale simu inapokatia au nje kabisa, kwa hiyo "saba" na "shaba" kwenye rekodi mbovu huamuliwa na muktadha, na muktadha huo mara nyingi ni wa mpelelezi.

Kwa hiyo nakala ya maandishi iandikwe hivi. Mwandishi wa kwanza asijue kesi inahusu nini. Avae hedifoni zinazofunika masikio, asikilize vipande vya sekunde 5 hadi 10. Asiposikia aandike [haisikiki, sekunde 2], siyo kubahatisha. Akisikia mbili aandike zote: [hatampa / atampa]. Wa pili afanye yake bila kuona ya kwanza. Wa tatu alinganishe, na wasipokubaliana tofauti ibaki kwenye karatasi. Dakika 1 ya sauti chafu inaweza kula saa nzima. Anayekuletea kurasa 30 safi kwa siku moja bila mabano hata moja amekuandikia tamthilia.

Kusafisha kelele nako kuwe kwa kiasi. Ondoa mvumo wa umeme wa 50 Hz na mafungu yake, punguza mlio wa feni, basi. Ukikaza sana, sauti inapendeza sikioni lakini konsonanti zinaondoka na kelele. Programu za akili bandia zinazo"boresha" usemi msiziguse kwa ushahidi: zinajaza palipopotea kwa sauti za kukisia.

---

Mkalimani A-Town

Kalamu umegusa penyewe. Hapa Arusha ICTR, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilifanya kazi hii kwa kiwango ambacho sidhani kilikuwa kimewahi kufanywa na mahakama ya kimataifa: kaseti za matangazo ya RTLM (redio iliyochochea mauaji hayo) zilinakiliwa kwa Kinyarwanda, zikafasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na mwanaisimu Mathias Ruzindana akaitwa kueleza maana za maneno kama *inyenzi* (mende) na *inkotanyi* (wapiganaji wa RPF) yalivyotumika hewani. Hukumu ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze ilitoka tarehe 3 Desemba 2003.

Tazameni tarehe ya kaseti ilivyobeba kila kitu. Kwenye rufaa, Novemba 2007, hatia ya Nahimana kuhusu RTLM ilibaki kwa matangazo ya baada ya 6 Aprili 1994, na kifungo cha maisha kikawa miaka 30. Kaseti isiyo na tarehe ya kuaminika ingesaidia nini hapo?

Na Simon Bikindi, mwanamuziki. Wengi wanadhani alifungwa kwa nyimbo. Kilichomtia hatiani Desemba 2008 ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari kwenye barabara ya Kivumu na Kayove, Juni 1994, yaliyothibitishwa kwa mashahidi waliosikia. Nyimbo zilizorekodiwa, zenye sauti safi kabisa, hazikutosha. Usafi wa rekodi na nguvu ya ushahidi ni vitu viwili.

---

Mtu wa Ughaibuni

Ongezeni moja linalowahusu Waswahili moja kwa moja. Ulaya, mwomba hifadhi anayesema ni wa Somalia lakini anaongea Kiswahili au Kibajuni (lahaja yake mojawapo) hurekodiwa kwa simu, na kampuni ya uchambuzi inaandika kama lugha yake ni ya huko au ni ya Kenya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua rufaa iliyowahusu waombaji wawili waliotajwa kwa herufi MN na KY, kuhusu ripoti za kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab. Ripoti zilikubalika kimsingi, hata wachambuzi kutotajwa majina. Lakini mahakama ikasema mchambuzi wa lugha asivuke mpaka: asitoe maoni kama mtu anaijua nchi yake au ni mkweli, kama hana utaalamu huo.

Udhaifu unaopaswa kuulizwa kila mara: mhoji alikuwa anaongea Kiswahili gani? Mbajuni akihojiwa na mtu wa Kiswahili sanifu atajitahidi kusogea kwake, kama sisi sote tunavyofanya. Na aliyekaa kambini Kenya miaka kadhaa atakuwa na maneno ya Kenya. Rekodi inaonyesha mtu alipojifunza kuongea na alioishi nao. Uraia hauko kwenye irabu.

---

Mjukuu wa Chake

Na sauti za kutengenezwa na AI? Mtu si atakana tu, "siyo mimi, ni AI"?

---

Fundi Spektra

Atakana, na ndiyo maana narudi kwenye simu ya kwanza. Mifumo ya kugundua sauti bandia ipo, mashindano ya ASVspoof yanaendeshwa tangu 2015, lakini kigunduzi kilichofundishwa kwa aina fulani za sauti bandia huyumba kikikutana na aina mpya, na kodeki ya simu inafuta nyingi ya dalili zinazotafutwa. Kwa hiyo usitegemee sikio wala kigunduzi peke yake. Tafuta kumbukumbu za mtandao wa simu: kulikuwa na simu kutoka namba hii kwenda ile, saa hiyo, ya urefu huo? Rekodi ya dakika 4 na sekunde 12 inayolingana na simu ya urefu huo kwenye kumbukumbu za kampuni ni ngumu kuibandika kwa AI.

Kuna na mvumo wa gridi, yaani mtandao wa umeme. Umeme wetu ni 50 Hz lakini haukai 50 kamili, unapanda na kushuka kidogo kila sekunde, na mchoro huo haujirudii. Catalin Grigoras wa Romania ndiye aliyeanza kuutumia kupima tarehe ya rekodi, na polisi wa London wameuhifadhi tangu 2005. Sharti uwe na hifadhi ya mchoro wa gridi husika na rekodi ya dakika kadhaa, kumi na zaidi ni bora. Rekodi ya mahali penye jenereta hailingani na chochote, na laini ya simu inayokata chini ya 300 Hz inaondoka na mvumo wenyewe.

---

Wakili wa Nyanda

Mtu ameniuliza pembeni barua ya kumtuma mtaalamu iandikweje. Fupi: orodha ya faili na heshi zake, kifaa kilikotoka, swali moja au mawili yaliyo wazi ("je, kuna dalili za kukatwa kati ya 03:10 na 05:40?"), na sampuli za kulinganisha zikiwa zaidi ya msemaji mmoja, zimepewa namba badala ya majina. Usiandike "tunaomba uthibitishe kuwa mtuhumiwa anasema atamlipa". Nakala yako ya maandishi usiambatanishe. Akiihitaji, mpe akishamaliza kuandika yake na kuisaini tarehe.